Dansi ya Duara ya Kuba: Ngoma Iliyorudi Nyumbani

Kila mwaka mavuno yakiisha kuingizwa ghalani, swali lile lile hurudi katika nyumba zetu. Mpunga umeuzwa, tumbaku imeuzwa, fedha kidogo ipo mfukoni, nao vijana wataka kucheza. Ndivyo ilivyo Mpanda mjini, ndivyo ilivyo Karema, Usevya, Mwese na Inyonga. Baba na mama wameketi mlangoni usiku, wanasikia muziki unavuma kutoka senta, na binti yao hajarudi. Mmoja asema, "Tuwakataze kabisa." Mwingine ajibu, "Waache, ujana ni moshi, ukienda haurudi." Basi wanabishana hata jogoo anawika.

Leo twapenda kuwaelezeni habari za dansi moja inayochezwa katika miji mingi ya dunia. Jina lake ni salsa, na hasa twataka kusema juu ya ile inayochezwa katika duara, ambayo Wakuba huiita rueda de casino, yaani gurudumu la casino. Huenda msomaji atauliza, "Kisiwa cha Kuba na kijiji changu vina uhusiano gani?" Vina uhusiano mkubwa kuliko tunavyodhani. Tena, katika dansi hii mna taratibu zinazoweza kuwasaidia wazazi na vijana kujibu lile swali lao.

ILIKOTOKA

Kuba ni kisiwa katika bahari ya Karibi, kusini ya Florida, Marekani. Wahispania walikitawala kwa karne nyingi, nao walipeleka huko watumwa mamia ya maelfu kutoka Afrika ili walime miwa. Wengi walitoka Afrika ya Magharibi na nchi za Kongo. Hata Wamakua, kabila tunalolijua sana huku kwetu katika nchi za kusini, walipelekwa Kuba wakapakuliwa melini kama mizigo. Utumwa katika kisiwa hicho ulikomeshwa mwaka 1886 tu.

Sisi watu wa pande za Ziwa Tanganyika hatuna haja ya kuelezwa sana utumwa ni nini. Mapadre Weupe walipopokea boma la Wabelgiji pale Karema mwaka 1885, misafara ya watumwa ilikuwa bado inavuka ziwa. Wazee wetu walimjua Adrian Atiman, yule katekista na mganga aliyefika Karema mwaka 1889 akawatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Yeye mwenyewe alikamatwa utumwani akiwa mtoto, katika nchi za Timbuktu, akakombolewa na wamisionari. Basi tukisikia ngoma za Kuba, tukumbuke kwamba waliozianzisha walikuwa ndugu za Atiman, ila wao hawakupata wa kuwakomboa.

Mtumwa hunyang'anywa shamba, nyumba na hata jina. Lakini ngoma aliyo nayo moyoni nani atamnyang'anya? Watu wa Kongo walichonga ngoma zao huko ugenini, wakacheza. Moja ya ngoma zao iliitwa yuka, nayo wataalamu wa muziki wanaihesabu kuwa mzee wa rumba ya Kuba. Baadaye mapigo ya Waafrika yalikutana na gitaa la Wahispania, ukazaliwa muziki uitwao son. Uti wa mgongo wake ni vijiti viwili vya mti mgumu vinavyogongwa mara tano, tatu kisha mbili, na kurudia hivyo tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Mtu aliyezoea kugonga chupa au jembe katika ngoma za vijijini hahitaji mwalimu wa kumfundisha pigo hilo.

Katika miaka ya 1950, vijana wa mji wa Havana walikuwa wakicheza katika vilabu vyao, na kimoja cha vilabu hivyo kiliitwa Casino Deportivo. Huko walianza kuyapanga makundi ya wawili wawili katika duara moja, mtu mmoja akiita mitindo na wote wakitenda kwa pamoja. Ndiyo maana dansi hiyo ikaitwa casino. Jina la salsa, ambalo kwa Kihispania maana yake ni mchuzi, lilienea baadaye kutoka New York katika miaka ya 1970.

ILIVYORUDI AFRIKA

Ngoma iliyoondoka Afrika ndani ya meli za watumwa ilirudi ndani ya santuri. Mwaka 1933 kampuni ya santuri ya Kiingereza ilianza kuuza Afrika mfululizo wa santuri zenye alama ya GV, na nyingi za kwanza zilikuwa nyimbo za Kuba. Mojawapo ni ule wimbo wa muuza karanga, El Manisero, wa bendi ya Don Azpiazu. Watu wa Kongo walipozisikia santuri hizo waliona kama wamesikia sauti ya ndugu aliyepotea. Wakachukua magitaa, wakatunga rumba yao. Mwaka 2021 rumba hiyo ya Kongo iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Tanganyika nayo haikubaki nyuma. Mjini Morogoro alikuwako Salum Abdallah, kijana aliyeupenda muziki wa Kuba mno. Husimuliwa kwamba alitoroka nyumbani akitaka kusafiri mpaka Kuba kwenyewe akajifunze muziki, akakwamia Mombasa. Mwaka 1948 alianza bendi, na bendi hiyo ikaja kujulikana nchi nzima kwa jina la Cuban Marimba. Salum alifariki mwaka 1965 katika ajali ya motokaa, lakini nyimbo zake zingali zinapigwa redioni. Karibu na kwetu, Tabora, walikuwako Kiko Kids wa Salim Zahoro.

Na Mpanda je? Mwaka 1950 ilifunguliwa reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilometa 210, kwa sababu ya machimbo ya madini ya risasi. Garimoshi halikubeba madini peke yake. Lilileta vibarua wa makabila mengi, mishahara, gramafoni na viatu vya kuchezea dansi. Machimbo yale yalifungwa, lakini dansi ilibaki.

Tena kuna jambo dogo la kuchekesha. Mwaka 1965 askari wa Kuba walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, wakaenda kupigana katika milima ya Kongo pamoja na mkubwa wao Ernesto Guevara, aliyejulikana kama Che. Mambo ya vita vyao si habari yetu leo. Lakini ili kujificha, walijipa majina ya Kiswahili ya kuhesabia: Moja, Mbili, na Che mwenyewe akaitwa Tatu. Sasa, anayejifunza salsa jambo lake la kwanza ni kuhesabu hivyo hivyo: moja, mbili, tatu.

JINSI INAVYOCHEZWA

Tuieleze kwa maneno machache, ili mtu ajue ni dansi ya namna gani kabla ya kuisifu au kuilaumu.

Watu husimama katika duara wawili wawili, mwanamume na mwanamke, wakitazamana. Mkono wa kushoto wa mwanamume umeshika mkono wa kulia wa mwanamke. Hesabu ni nane. Unapiga hatua katika moja, mbili, tatu, nne unatulia. Unapiga tena katika tano, sita, saba, nane unatulia. Katika moja kila mmoja anarudi nyuma, mwanamume kwa mguu wa kushoto na mwanamke kwa mguu wa kulia. Katika tano wanakaribiana. Basi, huo ndio msingi. Anayeharakisha na kusahau kutulia katika nne na nane atakuwa ameharibu kila kitu.

Mmoja wa wachezaji ndiye kiongozi. Yeye huita jina la mtindo, na duara zima hutii mara moja. Akiita Dile que no, maana yake "Mwambie hapana", mwanamume humpitisha mwenzake mbele yake, kutoka mkono wa kuume hadi wa kushoto. Akiita Enchufla, wawili hubadilishana nafasi, mwanamke akigeuka chini ya mkono. Akiita Dame, maana yake "Nipe", kila mwanamume humwacha mwenzake na kwenda kumpokea anayefuata katika duara. Hivyo wimbo mmoja haujaisha na kila mtu amekwisha kucheza na kila mtu. Kelele zikizidi, kiongozi huonyesha ishara kwa mkono.

Hakuna ulazima wa kutumia Kihispania. Vijana wa kijiji waweza kuita kwa Kiswahili: "Nipe!" "Geuka!" "Mwambie hapana!" Nao wakikosa redio, ngoma mbili na vijiti vyatosha. Yafaa waanze na watu wanane tu na mitindo mitatu. Wakiifahamu vema, waongeze mtindo mmoja kila juma. Duara la watu wanane wanaopatana linapendeza kuliko la watu arobaini wanaokanyagana.

UYOGA WA MTAKATIFU FRANSISKO WA SALES

Sasa turudi kwa wazazi. Je, Mkristu aruhusiwe kucheza dansi?

Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu na Mwalimu wa Kanisa, ambaye ndiye msimamizi wa waandishi wa magazeti, aliandika juu ya jambo hili zaidi ya miaka 400 iliyopita. Hakusema kwamba dansi ni dhambi. Aliifananisha na uyoga. Uyoga, alisema, hata ulio bora haushibishi sana. Basi mtu akitaka kuula, na uwe umepikwa vizuri, na ale kidogo. Tena alionya kwamba uyoga huvuta sumu ya vitu vilivyo karibu nao.

Sisi tunaokaa katika nchi ya miyombo twaelewa mfano huo bila kufafanuliwa. Mvua za kwanza zikinyesha, akina mama wetu huingia porini, nao wajua uyoga upi ni kitoweo na upi utaua nyumba nzima. Hawasemi, "Uyoga wote ni mbaya," wala hawasemi, "Uyoga wote ni mzuri." Huuchagua. Hutazama umeota wapi, na mtoto asiyejua hawamwachi achume peke yake.

Basi dansi nayo ichaguliwe vivyo hivyo. Je, inachezwa wapi? Saa ngapi? Pembeni yake mna nini? Hatua ya mguu haina sumu. Sumu ni pombe iliyo karibu, giza lililo karibu, na mtu mzima mwenye fedha aliyekuja kutafuta wasichana wa shule. Wasichana wengi wameacha masomo kwa mimba zilizoanzia njiani, katika kurudi kutoka muziki wa usiku. Hili si jambo la mzaha, na hakuna dansi yenye thamani ya kulipiwa bei hiyo.

KANISA NA NGOMA ZETU

Tukubali pia ukweli mwingine. Wamisionari wengi wa kwanza walikataza ngoma zote pamoja, njema na mbaya. Sababu walikuwa nazo, maana ngoma nyingine zilikuwa na matambiko na ulevi. Lakini mara nyingi kilichotokea ni kwamba Wakristu walicheza kwa siri, na yanayofanyika kwa siri hayana mzee wa kuyasimamia.

Wengine waliona njia bora. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijifunza ngoma za Wasukuma badala ya kuzifukuza. Wasukuma wengi wanaokaa nasi Katavi wanaijua habari ya Bulabo. Ni sikukuu ya ngoma inayoambatana na sherehe ya Ekaristi Takatifu mwezi wa Juni. Vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana mchana, mbele ya watu wote, wazee na watoto wakitazama.

Mwaka 1963 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulifundisha katika hati juu ya Liturujia kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alitoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa Misa kwa majimbo ya nchi iliyoitwa Zaire, ambamo mna kucheza kwa heshima kuzunguka altare. Nasi katika parokia zetu tumezoea kuwaona watoto wa Utoto Mtakatifu wakicheza wakati wa Utukufu. Mfalme Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano, na Mungu hakumkemea. Aliyepatwa na aibu ni yule aliyemdharau.

Lakini tusichanganye mambo. Salsa ni starehe. Mahali pake si kanisani, ni uwanjani, sikukuu ya somo wa kigango, harusini, au siku ya michezo ya vijana.

KWA NINI DUARA LINATUFAA

Mkoa wetu wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, una watu wa asili nyingi. Wako Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa. Wako Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, na ngoma yao ya bugobogobo inayochezwa kwa majembe. Katumba na Mishamo wako waliotoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972. Zaidi ya 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu walikubaliwa kuwa raia, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Tumesali pamoja, watoto wetu wamesoma pamoja. Lakini tukumbuke ni mara ngapi mkulima na mfugaji wamegombana juu ya shamba na malisho, na ni mara ngapi mtu ameitwa mkimbizi na jirani aliyezaliwa nyuma yake.

Katika dansi ya wawili, kila mtu hujichagulia wa kwao. Mwenye kiatu kizuri hupata wa kucheza naye, na asiye nacho hubaki ukutani. Katika duara haiwezekani hivyo. Kiongozi akiita "Nipe!", Mpimbwe anampokea binti wa Kisukuma, na Mfipa anampokea aliyezaliwa Katumba. Huna nafasi ya kumkataa mtu kwa sababu ya kabila lake, kwa maana ukisimama wewe, duara lote limesimama. Kosa la mmoja ni la wote. Hapo mtu hujifunza kumwangalia mwenzake.

Ndugu zetu wa asili ya Burundi wanalijua jambo hili zamani. Ngoma zao za kifalme, zilizoandikwa na UNESCO mwaka 2014, hupangwa katika nusu duara, na ngoma moja ya katikati ndiyo inayowaongoza wote. Sifa ni ya wote kwa pamoja.

Tena wazee wetu walipocheza beni, ngoma ya gwaride iliyotoka pwani ikaenea bara nzima, vyama vyao havikuwa vya kucheza tu. Mwanachama akiugua, walimsaidia. Akifa ugenini, walimzika. Kikundi cha dansi kisicho na mfuko wa kusaidiana kinamaliza jasho bure.

MASHAURI YETU

Kwa hiyo twatoa mashauri haya kwa kigango au jumuiya itakayopenda kujaribu.

1. Mazoezi yawe mchana, siku ya Jumapili baada ya chakula, mahali pa wazi. Jua likitua, kila mtu kwao.

2. Pombe isiletwe. Anayekuja amelewa asiingie katika duara, hata akiwa mjumbe.

3. Awepo mzee mwanamume na mzee mwanamke wa kuangalia. Ingefaa zaidi wazazi nao wacheze. Baba akicheza na binti yake, na mama na mwanawe, vijana wataona kwamba furaha si jambo la kufichia watu wazima.

4. Wenye ndoa wakubaliane kwanza. Ikiwa mume au mke haoni raha mwenzake kushikwa mkono na wengine, liundwe duara la vijana peke yao, au la akina mama peke yao. Amani ya nyumba ni kubwa kuliko dansi.

5. Wasichana wafundishwe kwamba ule mtindo wa "Mwambie hapana" si wa uwanjani tu. Msichana akivutwa karibu kuliko inavyopasa, ana haki ya kuachia mkono na kuondoka, na kikundi kizima kimsimamie yeye, si yule aliyemvuta.

6. Kila mchezaji aweke kitu kidogo katika mfuko wa kikundi, hata shilingi mia mbili. Fedha hiyo iwe ya mgonjwa, ya msiba, au ya daftari za mtoto yatima.

Wazazi, msiwaambie vijana neno "Acheni" tu. Mtoto akinyang'anywa kisu, apewe kijiti. Ndivyo walivyotufundisha wazee. Ukimkataza kijana senta ya usiku, mwonyeshe uwanja wa mchana.

Nanyi vijana, kumbukeni mapigo haya yametoka wapi. Yalitungwa na watu waliofungwa minyororo, ambao baada ya kazi ya kutwa kucha walisimama wakacheza, ili wasisahau kwamba wao ni watu. Msiyachezee ulevini. Hesabuni vizuri, tulieni katika nne, tulieni katika nane, na mpokeeni kwa heshima kila anayewajia katika duara.